Mjadala: Fundi akikuwekea chipu iliyong'olewa kwenye bodi kuukuu, ana haki kutoza bei ya mpya?

KuliWaKidijitali
Wakuu naomba tujadili bila povu. Laptop yangu iligoma kuwaka, fundi akasema aisii (chipu) ya chaji imekufa, nikalipa 80,000, ikawaka fresh. Wiki iliyofuata napita pale namkuta kijana wake kakalia rundo la mazabodi (bodi kuu za kompyuta) kuukuu anang'oa aisii moja moja anazipanga kwenye kikopo, nikamuuliza yangu ilitoka wapi akacheka tu. Sasa je ni haki? Au iwekwe sheria fundi aandike kwenye risiti kwamba kipuri ni cha kung'olewa?

MsumariWaMoto
Ulilipia laptop iwake, imewaka. Ulitaka na cheti cha kuzaliwa cha aisii?

bintimakame
Hilo ndo jibu la kihuni. Chipu siyo sufuria. Bodi nyingi za baada ya 2006, Ulaya ilipopiga marufuku risasi (ile metali, siyo ya bunduki) kwenye vifaa vya elektroniki, lehemu yake inayeyuka kuanzia kama digrii 217, ile ya zamani yenye risasi ilikuwa 183. Kwa hiyo kung'oa kunataka moto mkali zaidi, na kijana na hitigani yake (mashine ya upepo wa moto) ya bei chee hajui hata inatoa digrii ngapi. Halafu bodi imekaa stoo na huu unyevu wa Dar, chipu inavuta maji, ukiipasha ghafla yanageuka mvuke inapasuka ndani kama bisi, kwa nje huoni kitu. Ilitakiwa ikaushwe kwanza kwenye moto mdogo kwa masaa. Ndo maana nasema fundi wa mtaani atabaki fundi wa mtaani.

MsumariWaMoto
Fundi wa mtaani????? Dada hapo chuoni ulishika hitigani mara ngapi, mara moja ya mtihani? Ngoja nikufundishe bure. Unapasha chini kwanza taratibu, vipuri vya jirani unavifunika utepe wa joto, unamwaga flaksi (dawa ya kusaidia lehemu itiririke), unashuka na upepo wa juu huku unazungusha. Halafu hung'oi. Unaigusa kidogo na kibano, ikicheza ikarudi yenyewe mahali pake ujue lehemu yote imeyeyuka, hapo unainyanyua. Ukivuta kabla umeondoka na vipedi, vile vidoa vya shaba kwenye bodi chipu inaposhikia. Hayo hayapo kwenye slaidi zenu.

bintimakame
Nimeongelea unyevu wewe unanijibu kuhusu slaidi. Sawa.

mjombaKontena
Tatizo siyo kung'oa, tatizo ni kudanganya. Kama sikosei 2012 Seneti ya Marekani ilitoa ripoti, walikuta vipuri vya kutiliwa shaka zaidi ya milioni moja vimeingia hadi kwenye vifaa vya jeshi, vingi vimetoka China. Wanang'oa kwenye bodi chakavu, wanasugua juu na msasa, wanapaka rangi nyeusi wanaandika namba mpya, inauzwa mpya kabisa.

Chogo_la_Tandale
Kwa hiyo ndege ya Mmarekani na laptop ya Kuli fundi wao mmoja 😂😂

KuliWaKidijitali
Jamani risiti. Nimeuliza kuhusu risiti.

mjombaKontena
Kuli inategemea chipu gani mdogo wangu. Mosifeti (swichi ndogo ya umeme) au aisii ya chaji ikitolewa vizuri inapiga mzigo miaka. Lakini chipu za kumbukumbu za kuhifadhia mafaili zina idadi ya kuandikwa, ukiwekewa iliyotumika umerithi uchovu wa mtu. Na ile ya bayosi (programu ya kuwashia kompyuta) yenye miguu minane usipoifuta ukaiandika upya inakuja na namba ya siri ya mwenyewe wa kwanza. Siku hiyo ndo utajua laptop yako ina ukoo.

bintimakame
Na watoto wanaovuta ule moshi wa risasi nani anawajali?

MsumariWaMoto
Injinia mzima! Kwa joto lile risasi haigeuki moshi, ule moshi ni wa flaksi, unawasha kifua kweli usiupumue. Risasi inaingia kwa mikono, kushika bodi halafu kula mihogo bila kunawa. Wanaoua watu ni wanaochoma bodi kwenye moto wazi na kuziloweka kwenye asidi kutafuta dhahabu, mimi sio mtu wa kununua takataka kwa kilo, usinichanganye na hao.

bintimakame
Mikono au mapafu, mtoto ni yule yule. Na cheti bado huna.

MsumariWaMoto
Ninacho cha VETA, umeme wa majumbani. Lete chako tulinganishe nani analipa kodi ya fremu.

Chogo_la_Tandale
Mimi nina gunia la prosesa za zamani, zile ngumu za kauri, na mazabodi kama kumi hivi, zipo kwa bi mkubwa zinajaza nafasi. Kuna mtu anachukua?

MsumariWaMoto
Za kauri? Zina dhahabu juu? Njoo inboksi, unauza kilo bei gani?

bintimakame
😂😂😂 wallahi

KuliWaKidijitali
Aisee msimwambie bei kabla sijajua na yangu kama imo kwenye hilo gunia.

MsumariWaMoto
Kuli wewe lipa 80,000 yako ulale. Chogo, inboksi.