Nimeonesha Gravity kibandani, watu wakapiga kelele "Weka sauti!" Nani kakosea, mimi au filamu?

Mzee wa Projekta:

Wakuu, habari za jioni. Mimi nina kibanda umiza huku Igombe, Mwanza, hatua chache kutoka mwaloni. Siku za mpira sina shida na mtu, kibanda kinajaa chenyewe. Kazi ipo siku zisizo na mechi. Mwezi uliopita nikanunua projekta ya mtumba, nikaipumzisha ile TV ya inchi 32, mke wangu akashona shuka mbili nyeupe zikawa moja, nikasema safari hii nataka picha ambayo mtu akitoka nje anaenda kuisimulia nyumbani. Nikachagua Gravity ya Alfonso Cuarón, ya mwaka 2013. Kwa wasioijua: Sandra Bullock na George Clooney wako nje ya dunia wanatengeneza darubini ya Hubble, vipande vya setilaiti iliyolipuliwa vinakuja vinawapiga, mama wa watu anabaki peke yake anatafuta njia ya kurudi. Ni ya zamani kidogo, lakini kwa picha tu sijaona ya kuishinda.

Nikapanga Jumanne, siku za mbalamwezi. Ninyi wa mjini, dagaa anavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haimvuti, kwa hiyo wavuvi wote wako nchi kavu na hawana la kufanya. Kiingilio mia tano. Waliingia kama sitini, watoto chini kwenye mkeka.

Sasa mnajua inavyoanza. Maandishi kwenye giza, mngurumo unapanda, unapanda, spika zangu zinatetemeka mpaka vumbi linaruka, halafu ghafla kimya. Dunia imejaa shuka lote, ya bluu, na hakuna hata mlio. Nikasikia nyuma, "Weka sauti!" Mwingine, "Spika imekufa hiyo, rudisha hela!" Kusema kweli hata mimi nilishtuka, ingawa nilishawahi kuiona. Nikapanda kwenye stuli, nikachomoa jeki, nikaichomeka tena. Kuja kusikia sauti za redio zinaanza kutoka kwa mbali, ndogo kabisa, nimeshazunguka amplifaya mara mbili na dakika nzima ya picha nzuri nimewazibia kwa mgongo wangu.

Halafu kuna hili la maiki. Kwangu mimi ndiye ninayetafsiri, watu wamezoea. Clooney mwanzoni anaongea sana, nikaenda naye vizuri. Akishatoka yeye, yule dada anapumua tu. Nikabaki nimeshika maiki kama mchungaji aliyesahau andiko. Nikaanza kujaza mwenyewe: "Hapo anamkumbuka mwanawe... hapo oksijeni inaisha..."

Kwenye ile sehemu ya kamba ndiyo ugomvi ukaanza. Dada kanasa mguu kwenye kamba za parachuti za Soyuz, chombo cha Warusi cha kurudia duniani, kamshika Clooney, Clooney anaona wataondoka wote, anajichomoa, anaelea zake. Kuna mzee tunamwita Nahodha, miaka arobaini ziwani. Akasimama mbele ya mwanga wa projekta, kivuli chake chote kikawa angani, akasema: "Nini kinamvuta? Mtu akiwa kwenye kamba nyuma ya mtumbwi, anavutwa na mkondo. Hapo mkondo uko wapi? Kamba imeshakaza, wote wamesimama, si amvute tu kwa vidole viwili?" Nusu ya kibanda upande wake, nusu wanamwambia kaa chini mzee.

Clooney aliporudi akagonga dirisha, vijana walishangilia kama goli. Walipogundua ni ndoto, matusi niliyoyasikia siwezi kuyaandika hapa.

Lakini mwisho ule wa majini, wakuu, nisikilizeni. Chombo kimeangukia ziwani, maji yanaingia, dada anatoka na lile vazi zito linamvuta chini. Wavuvi wote wakainuka, hakuna aliyewaambia, "Vua! Vua hilo! Vua!" Sauti moja. Kila mtu mle ndani anamjua mtu aliyezama na koti la mvua na mabuti. Alipofika juu akashika tope kwa mkono, mzee mmoja akasema "Alhamdulilahi" kabisa.

Wakatoka. Wengi wakaniambia picha ni kali ila hamna hadithi. Wawili walidai hela yao. Sasa naomba wenye kujua: kosa ni langu, la spika, au ndivyo filamu ilivyo? Na Nahodha yuko sahihi kuhusu kamba? Ananisubiri na jibu.

---

Chuma cha Pua:

Mtu mmoja anapumua dakika tisini. Na mimi ningedai mia tano yangu.

---

Mama Swaumu:

Mimi niliiona ilipotoka, 2013 hiyohiyo, Dar, kwa miwani ya 3D. Nilienda na mdogo wangu ambaye hapendi filamu za kizungu. Ile dada anapobiringika gizani, kamera inakwenda naye mpaka inaingia ndani ya kofia yake, mdogo wangu alinishika paja akaniachia kucha. Tulipotoka tulikaa ngazini kidogo, mimi tumbo linazunguka kama nimeshuka kwenye boti ya Zanzibar.

Mwaka jana nikairudia kwenye laptop, nimejilaza, nasubiri maharage yaive. Nikasinzia! Filamu ileile. Kwa hiyo watu wako wanaosema hamna hadithi siwalaumu. Hadithi unaimaliza kwa sentensi moja: alikuwa juu, akashuka. Kilichobaki chote unakipata kwa tumbo, na tumbo linataka shuka kubwa na giza. Shuka unalo. Lile la "hapo anamkumbuka mwanawe" ndilo lingenitoa mimi kibandani.

---

Ticha wa Kipimio (Dodoma):

Mzee wa Projekta, nafundisha fizikia kidato cha tatu na filamu hii naitumia darasani, kwa mazuri yake na kwa makosa yake.

Spika zako ni nzima. Sauti inahitaji kitu cha kusafiria, na kule hakuna hewa. Cuarón aliamua kulifuata hilo: unachosikia ni redio, pumzi, na mtikisiko unaopita kwenye mikono ya mwanaanga anaposhika chuma. Vile vipande vinapopasua kituo, mlipuko husikii, unasikia muziki wa Steven Price ukifanya kazi ya mlipuko. Ndiyo maana mwanzo ule umejengwa kama umeme kukatika. Watu wako waliopiga kelele walipata kile hasa walichokusudiwa kukipata, ila wakadhani ni umasikini wa kibanda.

Nahodha mpe mkono wangu. Mwanafizikia wa Marekani, Neil deGrasse Tyson, aliuliza swali hilohilo filamu ilipotoka, pamoja na mengine: mbona nywele za Bullock zimetulia kichwani wakati kila kitu kinaelea, na mbona daktari wa binadamu ndiye anayetengeneza darubini. Baadaye alisema filamu aliifurahia sana. Wanaoitetea sehemu ya kamba husema zile kamba za parachuti zilikuwa bado zinaachia na wao bado wana mwendo. Ukiangalia pozi kwa pozi kuna kahoja. Lakini jinsi ilivyopigwa wanaonekana wamesimama, na kama wamesimama Nahodha ameshinda.

Kosa kubwa kuliko la kamba hakuna mtu kibandani angeliona. Hubble ilikuwa juu kama kilomita 540, kituo cha kimataifa cha anga kama 400, na njia zao zimeinama tofauti kabisa, nyuzi 28.5 kwa 51.6. Kutoka kimoja kwenda kingine kwa kile kimota cha mgongoni kwa Clooney ni kama kutoka Igombe kwenda Bukoba kwa kupuliza kwa mdomo.

Ila mwendo wake ni wa kweli. Kila kitu kule kinakwenda kama kilomita 28,000 kwa saa, kinaizunguka dunia kwa dakika tisini hivi. Mechi moja bila nyongeza. Ndiyo maana Clooney anamwambia dada aweke saa yake dakika tisini, vile vyuma vitarudi. Wanafunzi wangu wanalishika hilo upesi kuliko chochote kilichomo kitabuni.

Na mwanzo wa hadithi, Warusi kulipua setilaiti yao wenyewe, watu waliuona wa kutunga. Novemba 2021 Urusi ikalipua setilaiti yake kweli, Kosmos 1408, na waliokuwa kituoni wakaambiwa waingie kwenye vyombo vyao vya kurudia wajifungie.

---

Mutua wa Makueni:

Salamu kutoka Kenya. Mnaongea juu ya vyuma vya angani kana kwamba ni vya huko juu tu. Tarehe 30 Desemba 2024, saa tisa mchana, pete ya chuma ilianguka kijiji cha Mukuku hapa kwetu Makueni. Upana mita mbili na nusu, uzito kama kilo 500. Shirika letu la anga likaja likasema ni kipande cha roketi, ambacho kwa kawaida kingeungua njiani au kuangukia baharini. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mlima nachoma mahindi. Nilipoenda kuangalia kesho yake nilikuta kina mama wanaisogelea kwa upande, kama vile mtu anamsogelea ng'ombe asiyemjua.

Nyanya yangu nilimwonyesha Gravity kwa simu baada ya hapo. Zile ajali hazikumshtua. Alisema, "Kumbe huko juu hakuna wa kufagia?"

Kuhusu hadithi kukosa: hata majaji wa Oscar waliona kama wateja wako. Machi 2014 ilichukua tuzo saba: mwelekezi, upigaji picha wa Emmanuel Lubezki, uhariri, muziki, sauti zote mbili, na mauzauza ya kompyuta. Uandishi haikuteuliwa hata. Na filamu bora ikaenda kwa 12 Years a Slave, ile aliyocheza Lupita Nyong'o wetu, ambaye usiku huohuo alibeba tuzo yake. Sisi huku hatukulala.

---

Mhariri wa Harusi (Arusha):

Naongezea la kiufundi kwa sababu mwenye mada ni mtu wa taa kama mimi. Nahariri video za harusi, na kitu kinachonitoa jasho ni uso wa bibi harusi jua likizama: dakika tano rangi imebadilika, picha haziungani. Sasa wale walimweka Sandra Bullock ndani ya sanduku lililozungukwa na maelfu ya taa ndogo za LED, halafu badala ya kumzungusha yeye wakazungusha mwanga. Dunia inapita usoni kwake, bluu, jua linakuja, giza linakuja, na yeye amefungwa palepale. Sehemu nyingi cha kweli ni uso tu, vazi na vingine vyote vimechorwa London na kampuni ya Framestore. Ile picha ya kwanza inakwenda zaidi ya dakika kumi bila mkato wa kuonekana.

Kwa hiyo projekta yako ikiwa na rangi mbaya, usipoteze muda na nyota. Angalia shavu la yule dada. Likiwa la kijani, rekebisha.

---

Mzee wa Projekta:

Wakuu, nawashukuru. Mhariri, lilikuwa la kijani. Nimerekebisha.

Leo Ijumaa nimeirudia, kabla wavuvi hawajarudi majini. Nimesimama mbele nikasema: jamani, mwanzoni patakuwa kimya, spika ni nzima, huko hakuna hewa. Tukifika Clooney anapoondoka, nimezima maiki na kuiweka chini ya benchi nisishawishike. Nilichosikia ni jenereta ya jirani na watu kutafuna karanga. Mtoto mmoja akauliza mbona kimya, Nahodha ndiye aliyemjibu, "Nyamaza, hujaambiwa hakuna hewa?"

Nisiwadanganye, wengine kama kumi walitoka katikati, wakasema bila mtafsiri ni kama kuangalia ukuta. Kuna kijana alicheka sana pale dada anapobweka kama mbwa na yule jamaa wa redioni. Jirani yake akamuuliza, wewe ukibaki peke yako ziwani usiku, betri ya taa imekufa, utaimba kwaya? Akaacha.

Jibu la Ticha nimelifikisha. Nahodha amesikia kwamba mwanafizikia wa Marekani kauliza swali lake, akatikisa kichwa tu, akasema huyo naye amevua. Sasa kanifuata na jipya. Anasema hataki filamu yote, anataka nimwoneshe kuanzia maji yanapoingia mpaka dada anatoka, basi, na atalipa mia mbili. Anataka kuona vizuri dada ametangulia kuvua nini.