Mrejesho: pini ya tela haizami tena kwenye tundu

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza kwa nini modeli yangu ya kompyuta, ya kukokotoa nguvu kwenye pini ya tela la trekta, la kubebea viazi toka Uporoto, inagoma hatua ya kwanza ya hesabu, na nikilazimisha pini inazama ndani ya tundu. Aliyesema nitazame uwazi kati ya pini na tundu alipatia. Kulikuwa na milimita 0.2, nami nilianza na nguvu. Pini haikushikwa na chochote, ikaelea. Sasa naisogeza kwanza mpaka iguse, ndipo naweka nguvu. Kuzama nako, nyuso mbili zinazogusana nilizibadilishia kazi: uso wenye meshi ndogo (vigawanyo vidogo vya hesabu) ndio uwe mfuasi, na mwingine uwe kiongozi, maana nodi za mfuasi (pointi za kona za vigawanyo) ndizo zinazozuiwa kupenya uso wa kiongozi. Jana usiku, hapa Mbeya, hesabu imefika mwisho. Nimefurahi mno! Imebaki kushughulikia msuguano.