Wenye kurasa za habari Mwanza: droni ikidondoka ziwani, andikeni DRONI. Mlitaka kumuua mama yangu!

Wakuu, salamu baadaye, kwanza nitoe nyongo.

Jumamosi asubuhi nilimpeleka mdogo wangu uwanja wa ndege, anakwenda Bukoba. Nikarudi zangu Pasiansi kunywa chai. Kikombe hakijafika nusu, kundi la ukoo la WhatsApp linawaka moto: "HABARI ZA HIVI PUNDE: NDEGE YAANGUKA ZIWA VICTORIA, MWANZA." Basi, hakuna zaidi. Aina ya ndege haipo, abiria hawatajwi, ilikotoka haijulikani. Chini wamebandika picha ya ndege iliyozama, mkia tu ndio unaonekana. Picha ile mtu yeyote wa Kanda ya Ziwa anaijua. Ni ya Bukoba, Novemba 6, 2022. Watu 43 ndani, 19 hawakurudi nyumbani.

Mama yuko Nansio, kisiwani Ukerewe. Alinipigia akawa hawezi hata kuongea, nasikia pumzi tu. Simu ya mdogo wangu haipatikani, na haiwezi kupatikana kwa sababu yuko angani, lakini hebu nenda wewe ukamweleze mama maneno hayo wakati ameshaiona picha! Shemeji alishadandia bodaboda kwenda uwanjani, kandambili mguu mmoja.

Kumbe kilichoanguka ni nini? Droni. Kidude cha mpiga picha wa harusi kule Capri Point, chenye uzito wa mkate, betri iliisha kikatumbukia majini. Nasikia maharusi waliendelea kupiga picha kwa simu.

Nikamwandikia msimamizi wa ukurasa. Jibu lake nalinakili lilivyo: "Kaka, droni si ni ndege isiyo na rubani? Tumekosea wapi?"

Hapo ndipo nilipochemka kabisa. Sikatai, kwenye karatasi za serikali inaitwa ndege isiyo na rubani, na watu wa kilimo wanaonyunyizia dawa kwelea kwelea wameipa jina tamu zaidi, ndege nyuki. Lakini huwezi kukata mkia wa jina ukatubakizia "ndege". Mwanasesere wa mtoto akitumbukia ziwani utaandika "MWANA AZAMA"?

Tena hapa Mwanza ndipo pa mwisho kufanya ujinga huo. Droni tunazijua. Mwaka 2018 zilikuwa zinajaribiwa kupeleka dawa Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika kama 40 hivi, zinapaa wima kama helikopta halafu zikifika juu panga zake zinainama mbele na zinakimbia kama ndege. Bibi zangu wa kisiwani hawakuziita ndege hata siku moja. Waliita "kale kadude ka dawa", na kila mtu alielewa.

Sisi watu wa ziwa si wavivu wa majina. Nenda Mwaloni pale Kirumba useme "nataka samaki" uone watakavyokutazama. Sangara, sato, dagaa au furu? Kwenye maji vilevile: mtumbwi si mashua, kivuko si meli. Mwaka 1996 kilichozama ni meli, MV Bukoba, mwaka 2018 pale Ukara ni kivuko, MV Nyerere, na hakuna mwandishi aliyethubutu kuandika "chombo kimezama" akaenda kulala. Kwa nini kikipanda juu tu, akili inashuka?

Na si ninyi peke yenu. Wapo wanaoita kila kitu "bombadia", hata jeti. Wapo wale wa 2016, zilipokuja zile bombadia zenyewe, Q400 za abiria 76, wakazicheka eti mapangaboi, kana kwamba zinakwenda kwa upepo wa feni ya sebuleni. Injini ya ndani ni ya jamii moja na ya jeti, ila nguvu yake inazungusha rafadha, yale mapanga ya nje, na ndiyo maana ndege za aina hiyo zinafaa kwenye viwanja vifupi na safari za karibu kama hizi zetu. Wanasiasa wao kila msimu wa kampeni ni "chopa", sawa, chopa ni helikopta, hapo angalau tunaelewana. Kwea pipa, panda mwewe, hayo ya mtaani sina ugomvi nayo. Mtu akisema amekwea pipa unajua amesafiri, hudhani amekufa.

Nimeona pia kichwa cha habari cha zamani cha haohao: "Ndege agonga ndege." Jamani! Ndege mwenye manyoya ana "a", ndege yenye injini ina "i". Kwa hiyo hapo ni korongo aliyemgonga njiwa, au ni rubani alipata matatizo? Herufi moja tu, na ninyi ndiyo mnaokula kwa herufi.

Kwenye maoni kuna mmoja alichekwa sana. Aliandika, "Labda ni ndege ya majini, imetua tu." Mnamcheka nini? Mwaka 1931 shirika la Kiingereza, Imperial Airways, lilipofungua safari za kila wiki kutoka London, mwisho wa safari ulikuwa hapahapa Mwanza, na kipande cha kutoka Khartoum kilisafiriwa kwa boti zenye mabawa, zile ambazo tumbo lenyewe ndilo linaelea. Si zile zinazofungwa maboya miguuni, hizo ni nyingine. Yule mchekwa angalau alijiuliza ni ndege ya aina gani. Msimamizi mzima hakujiuliza.

Mdogo wangu alitua salama, akawasha simu, akakuta nimempigia mara 31. Akaniuliza kama nimelewa.

Sasa jioni, baada ya kuwabana, wamehariri. Unajua wameweka nini? Hawakuweka droni. Wameweka: "CHOMBO CHA ANGANI CHAANGUKA ZIWA VICTORIA." Neno ambalo ndani yake wameingia ndege, helikopta, puto la watalii wa Serengeti na roketi. Na picha ya Bukoba bado ipo palepale.

Saa tatu usiku mama kapiga tena: "Mwanangu, kuna kingine kimeanguka?"