Spindo inanyang'anya mbao mkononi na nati inalegea: tatizo liko wapi?

Fundi wa Shabab (Nakuru)

Ndugu mafundi, nawasalimu nyote. Nina karakana ndogo ya milango na skatingi hapa Nakuru, na mwezi uliopita nilinunua mashine ya spindo iliyotumika, yaani ile inayochonga kingo za mbao kwa visu vinavyozunguka kwenye shafti iliyosimama katikati ya meza, kutoka kwa mtu aliyekuwa akifunga kazi yake. Shafti ni ya milimita 30, mota ni ya fezi tatu, na puli ina ngazi tatu ambazo kibandiko kinasema zinatoa mizunguko 4,500, 6,000 na 9,000 kwa dakika. Nilipewa pia kichwa cha visu chenye kipenyo cha milimita 140, ambacho bado ni kipya, na sanduku la vyuma vya kale, yaani pete mbili zenye mifereji ambamo visu bapa hubanwa kwa nguvu ya nati peke yake.

Tulipoijaribu kwa muuzaji ilikata saiprasi vizuri sana. Nilipoifikisha kwangu, fundi wa umeme aliunganisha nyaya na kuweka swichi mpya, nasi tukaiwasha. Siku hiyo ya kwanza ilitoa moshi badala ya maranda, na mbao ikaungua ukingoni. Tulipochunguza tuliona kwamba visu vilikuwa vikitanguliza migongo, kwa hiyo tukakigeuza kichwa juu chini, na kweli ikaanza kukata. Tangu hapo mbao hainipi upinzani wowote; badala ya mimi kuisukuma, ni kama mashine ndiyo inayoivuta. Mara mbili imeninyang'anya mbao mkononi. Mara ya pili kilikuwa kipande cha sentimita 20, kikampita kijana anayepokea mbao upande wa kushoto na kutoboa bati la ukuta. Jioni nilipotaka kubadilisha kichwa nilikuta nati inafunguka kwa vidole.

Ninasukuma mbao kutoka kulia kwenda kushoto, kama nilivyomwona muuzaji akifanya. Je, kosa ni mwendo wa mashine, ni visu, au ni mimi? Na zile pete za kale, zinafaa kutumika?

Mwalimu wa Karakana (Kakamega)

Ndugu yangu, kwanza zima umeme kwenye swichi kuu, na mashine hiyo isiwashwe tena mpaka umalize kusoma haya. Nimefundisha useremala wa mashine kwa miaka mingi, na dalili ulizozitaja, yaani moshi, kuvutwa kwa mbao na kulegea kwa nati, zote tatu zina chanzo kimoja: shafti yako inazunguka kinyume.

Mota ya fezi tatu hugeuka kulingana na mpangilio wa nyaya zake. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi, mota huzunguka upande mwingine bila kuonyesha hitilafu yoyote, na fundi wa umeme asiyeijua kazi ya mbao ataondoka akiamini kwamba amemaliza. Ukisimama mbele ya mashine na kuitazama shafti kutoka juu, inapaswa kuzunguka kinyume cha mishale ya saa. Hapo makali yanayoonekana mbele ya fensi, yaani kingo mbili zilizosimama juu ya meza ambazo mbao huegemea, husafiri kutoka kushoto kwenda kulia, nawe unaisukuma mbao kutoka kulia kwenda kushoto ili ipambane nayo. Upinzani huo unaousikia mkononi ndio usalama wako, kwa sababu kisu kinairudisha mbao kwako huku wewe ukiamua iende kwa kasi gani.

Ule moshi wa siku ya kwanza ulikuwa onyo. Mashine ilikuwa ikikuambia kwamba visu vinarudi nyuma, nanyi mkakigeuza kichwa ili kifuate kosa la mota badala ya kurekebisha mota. Matokeo yake ni kwamba sasa visu vinakata vikielekea kule kule unakoisukuma mbao. Kila kisu kinaidaka na kuivuta, mkono wako hauwezi kuizuia, na mbao hurushwa kushoto, mahali hasa anaposimama kijana wako. Lau mngekuwa na mazoea ya kusimama kwenye mstari huo mkiwa wawili, leo tungekuwa tukizungumza mambo mengine.

Nati nayo inafuata kanuni hiyo hiyo. Uzi wake umekatwa ili, shafti inapoanza kuzunguka upande ulio sahihi, nati ibaki nyuma kidogo na hivyo ijikaze yenyewe. Ukigeuza mzunguko, kila unapowasha mashine unailegeza. Hata hivyo nati haikupaswa kulegea kwa urahisi kiasi hicho, na hapo nina shaka nyingine. Chini ya nati panatakiwa kuwa na washa yenye jino dogo linaloingia kwenye mfereji wa shafti; kwa kuwa washa hiyo haiwezi kuzunguka, kichwa cha visu hakipati njia ya kuisukuma nati. Kwenye mashine zilizotumika washa hii hupotea mara nyingi, na watu huweka washa ya kawaida ya boliti. Angalia yako.

Ili kuthibitisha mzunguko, toa kichwa cha visu, pete zote na nati, halafu gusa swichi na kuizima papo hapo, na uitazame shafti inapokaribia kusimama. Ikiwa inafuata mishale ya saa, mwite fundi wa umeme mwenye leseni abadilishane nyaya mbili kati ya zile tatu, kisha urudishe kichwa kama kilivyokuwa kwa muuzaji. Rudia jaribio hili kila nyaya za karakana zinapoguswa, na hata transfoma ya mtaa inapobadilishwa, kwa maana fezi zinaweza kupinduliwa huko nje wewe ukiwa umelala.

Fundi Kibuye (Kisumu)

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu mzunguko. Nami nijibu kuhusu mwendo, kwa kuwa wengi hudhani ngazi ya juu ya puli ndiyo bora.

Kinachohesabiwa hasa ni kasi ya ncha ya kisu, nayo hutegemea ukubwa wa kichwa pamoja na idadi ya mizunguko. Zidisha kipenyo kwa mita na 3.14, zidisha tena na mizunguko ya dakika moja, kisha gawanya kwa 60. Kichwa chako cha milimita 140 kwenye mizunguko 6,000 kinakupa takriban mita 44 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 158 kwa saa. Kwenye 4,500 ni mita 33, na kwenye 9,000 ni mita 66. Mafundi hulenga kati ya mita 40 na 70. Chini ya hapo kila kisu hung'ata kipande kinene na mbao hupenda kurushwa. Juu ya hapo chuma chenyewe kinaweza kushindwa. Kwa kichwa hicho ngazi ya 6,000 inatosha. Lakini siku utakaponunua kichwa kikubwa cha kuchonga paneli, tuseme cha milimita 180, ngazi ile ile itakupa karibu mita 57, ilhali ya 9,000 itakupa karibu mita 85, na hapo hufai hata kuwa ndani ya chumba. Soma pia maandishi yaliyochongwa kwenye kichwa chenyewe, kwa kuwa kila kichwa halali kina kikomo chake cha mizunguko, na vile vilivyotengenezwa kwa kusukuma kwa mkono kwa viwango vya Ulaya huandikwa MAN. Hivyo vina umbo la mviringo lililojaa, na kisu hutokeza milimita 1.1 tu, kwa hiyo hata kidole kikiteleza hakidakwi kwa kina.

Zile pete za kale usizitumie. Visu vyake hushikwa kwa msuguano peke yake, na kimoja kikiwa kipana kuliko mwenzake hata kwa unene wa karatasi, basi kile chembamba hakijabanwa. Nimewahi kuona visu vya namna hiyo vilivyochongwa kutoka kwenye springi za gari. Wauzie wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini vikate kwanza asije mwingine akavinunua tena.

Jambo moja tu sikubaliani nalo. Kukata kwa kufuata mzunguko si dhambi wakati wote, kwani mbao yenye nyuzi zilizopindapinda hupasuka ukiipambanisha, na mkato mwembamba wa mwisho ukifuata mzunguko huitoa ikiwa laini.

Mwalimu wa Karakana (Kakamega)

Fundi Kibuye, hilo ni kweli kwa mashine iliyofungwa kisukumio cha mota chenye magurudumu ya mpira, ambacho huishika mbao isikimbie. Kwa mkono mtupu, hapana, hata kama mkato ni wa milimita moja. Mbao ikipasuka, tafuta upande ambao nyuzi zake zinaelekea vizuri, noa visu, au gawanya mkato mara tatu badala ya mmoja.

Mama Milango (Bungoma)

Naomba niongeze mambo mawili ambayo kwetu huku yametuumiza.

La kwanza ni swichi. Fundi wako amefunga swichi ya aina gani? Ikiwa ni ile ya kupandisha na kushusha mkono, basi umeme ukikatika mashine ikiwa inafanya kazi, swichi inabaki imewashwa, na umeme ukirudi visu vinaanza kuzunguka bila mtu kuviamuru. Huku kwetu mvua ya radi ya alasiri hukata umeme na kuurudisha mara tatu kabla ya magharibi. Nilimkuta kijana wangu akisafisha maranda kwa mkono kandokando ya visu wakati wa kukatika kwa namna hiyo, na nikatoa pesa za swichi ya sumaku wiki ile ile. Swichi hiyo hujizima umeme unapopotea na haiwashi tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Fungeni pia kinga ya mota, kwa kuwa fezi moja ikipotea mota hunguruma na kuungua.

La pili ni hicho kipande cha sentimita 20. Hata mzunguko ukiwa sahihi, kipande kifupi hivyo hakifai kushikwa kwa mkono, kwa sababu nafasi iliyo kati ya fensi mbili inakimeza ncha, kinapinda, na kisu kinakidaka. Sisi huchonga ubao mrefu na mpana, ndipo tunakata vipande kutoka kwake kwa msumeno. Na ile nafasi yenyewe tunaiziba: tunafunga ubao mmoja mnyoofu juu ya fensi zote mbili, wenye tundu linalolingana na umbo la kisu tu, ili mbao iegemee kitu kigumu mwanzo hadi mwisho. Juu na mbele tunabana vibao vilivyochanwa kama kitana, navyo hukandamiza mbao kwenye meza na kwenye fensi bila mkono kukaribia.

Kwa milango ya paneli, anza na pande mbili zinazokata nyuzi kwa upana, umalizie na zile za urefu, maana kona zitakazobanduka mwanzoni zitasafishwa na mkato wa mwisho. Paneli ikubalipo, weka kisu kikate kutoka chini, kwa kuwa mbao ikiinuka kidogo itajitenga na kisu badala ya kuzama ndani yake. Glavu usivae, zikidakwa huingia na mkono. Masikio nayo yazibe, kwa sababu kanuni zetu za kelele za 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane, nawe spindo yako unaisikia ukiwa barabarani.

Fundi wa Shabab (Nakuru)

Nawashukuru sana, Mwalimu, Fundi Kibuye na Mama. Nilitoa kila kitu kwenye shafti na kugusa swichi kama nilivyoelekezwa, nayo ikazunguka ikifuata mishale ya saa mbele ya macho yangu. Fundi mwingine wa umeme amekuja leo asubuhi na kubadilishana nyaya mbili kwa dakika chache. Washa niliyoikuta ilikuwa bapa, haina jino, na mfereji wa shafti ulikuwa umejaa gundi na vumbi hata sikuwahi kujua kwamba upo. Nimempelekea fundi wa leti, yaani wa kukereza vyuma, shafti na washa hiyo ili apate vipimo.

Swichi ni ile ya mkono, Mama. Nimeagiza ya sumaku.

Nimebaki na swali moja. Ninapochonga ukingo wote wa mbao, yaani nisipobakiza sehemu yoyote ambayo haijaguswa na kisu, mbao hulegea inapopita kisu na kuacha kishimo mwishoni. Je, huo nao ni mzunguko?

Fundi Kibuye (Kisumu)

Hapana, hiyo ni fensi. Kisu kimeondoa, tuseme, milimita mbili, kwa hiyo ukingo uliochongwa hauifikii tena fensi ya kushoto na mbao inaning'inia hewani. Sogeza fensi ya kushoto mbele kwa milimita hizo mbili. Chonga kiasi cha sentimita kumi, zima mashine na ungoje isimame kabisa, kisha uisogeze hadi iguse ukingo mpya bila kuusukuma, ukaze. Ukirudi kwenye umbo linaloacha sehemu ya ukingo, irudishe ziwe mstari mmoja.

Mwalimu wa Karakana (Kakamega)

Na washa ikirudi kutoka kwa fundi wa leti, kaza nati, ondoa spana na pini ya kufungia shafti, halafu zungusha kichwa kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kurudisha umeme. Kisha chukua rangi nyekundu uchore mshale wa mzunguko juu ya meza, karibu na shafti, mahali ambapo fundi wa umeme atakayefuata hataweza kusema hakuuona.