Tupeane uzoefu: Pasaka ya Safari Rally enzi za Toyota Celica turbo, ulikuwa wapi?

MtaitaHalisi: Subaru ya kijana wa jirani imepita ikipiga mluzi, nikakumbuka Pasaka ya 1985. Leteni zenu.

FundiMkongwe: Celica Twin Cam Turbo! Ulizisikia kabla ya kuziona. Mluzi wa turbo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa, mlimani, dereva akiachia kanyagio la mafuta, pa! pa! kama bunduki.

Bi Kikoi: Pa pa ndiyo yenyewe 😂

MtotoWaMwatate: Mimi nilikuwa darasa la tano. Baba kanikabidhi mbuzi, akasema nikikuona barabarani utanitambua. Nikawafunga, nikakimbilia kona. Watu hadi juu ya miti. Helikopta ikapita chini kabisa, kofia zikaruka, tukashangilia. Kugeuka hivi, beberu wetu mwenye kengele yuko katikati ya barabara, ameshatafuna kamba, na wenzake nyuma. Na mluzi ule unakuja. Wallahi miguu ilikataa. Mzee mmoja akamshika beberu pembe akamburuta mtaroni, wote wakafuata isipokuwa jike mwenye mimba. Huyo alisimama tu akitafuna. Gari likatokea taa zinawaka mchana kweupe, likalala ubavu, vumbi likafunika kila kitu. Lilipotulia, mbuzi yuko pale pale, ubavu mmoja mwekundu. Nikaanza kulia. Kumbe udongo wetu tu wa Taita.

Bi Kikoi: Uwiii. Akazaa?

MzeeWaNakuru: Huyo dereva alikuwa Waldegård, alishinda mwaka huo.

FundiMkongwe: Hapana mzee. 1985 ni Kankkunen, Waldegård wa pili. Zake ni 1984 na 1986.

MzeeWaNakuru: Mimi nilikuwepo.

FundiMkongwe: Hata matokeo yalikuwepo.

Dar64: Wakenya mnasahau, miaka ya 60 Safari ilipita hadi kwetu na Uganda.

MtaitaHalisi: Mada ni turbo kaka.

Kijana_Rongai: Swali. Audi Quattro ilivuta magurudumu yote manne. Ilishindwaje na Celica, gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu, 1984 na 1985?

FundiMkongwe: Hayakuwa mashindano ya mbio tupu. Karibu kilomita 5,000 za mawe, matope na vumbi. Ukiwa na gari gumu, lisilo na mambo mengi ya kuharibika, wenye kasi utawakuta kando wamefungua boneti. Na ushauri wa bure kwa wenye turbo: ukitoka mbio usizime injini hapo hapo. Iache ingurume kidogo ipoe, la sivyo oili inaungulia kwenye turbo.

MzeeWaNakuru: Mimi nazima na haijafa.

FundiMkongwe: Sawa mzee.

Kijana_Rongai: Nataka kwenda Naivasha kutazama Safari mwaka huu. Nisimame wapi?

MzeeWaNakuru: Ndani ya kona.

MtaitaHalisi: Usimsikilize! Kaa juu, mbali na barabara.

Dar64: Nyumbani, mbele ya runinga.

Bi Kikoi: Nimeuliza mbuzi alizaa?

MtotoWaMwatate: Alizaa mapacha. Baba alikuwa ameshanichapa kabla vumbi halijanitoka masikioni.