Naomba ushauri: sikio la gitaa linanigomea kwenye udi

Wakuu, heshima kwenu. Nimepiga gitaa la solo kanisani miaka 12, nikajiona nimefika. Juzijuzi nikanunua udi (ile ala ya nyuzi ya taarab) wa mtumba Unguja, nyuzi 11: jozi tano na mmoja wa peke yake. Tangu hapo nimerudi chekechea.

Vidole havinisumbui sana. Shida ni sikio. Udi hauna freti (vile vyuma vya shingo ya gitaa), na kwenye makamu (ngazi ya sauti za muziki wa Kiarabu) iitwayo Rast ile "mi" haikai kwenye mi ya kinanda wala mi bemoli (nusu sauti chini yake), inakaa katikati. Nikiifikia, kidole kinateleza chenyewe kwenda juu, kwenye mi ya tenzi. Mzee mmoja mpiga fidla wa taarab alinisikiliza dakika mbili, akatabasamu: "Hiyo kwaya, mwanangu."

Nimejaribu programu ya simu ya kupimia sauti. Inaniambia nimekosea hata ninapopatia, maana imepangwa kwa nusu sauti 12 za kinanda. Namsikiliza Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, kila usiku (mke wangu ameshachoka), na santuri za Siti binti Saad za mwaka 1928, ingawa mikwaruzo inaficha mengi.

Sasa, nianze kuimba makamu kwa mdomo kabla ya kushika chombo? Gitaa nilitundike kwa muda, au vinaweza kwenda pamoja? Na risha (kile kipande cha kupigia nyuzi za udi) mnaishikaje? Mimi naibana kama piki ya gitaa, kiganja kinakufa ganzi.

Mliotoka kwenye dansi au kwaya mkaingia taarab, nisaidieni.