Kadi ya sauti ya USB, rekoda ya mkononi, au nipeleke laptopu kwa fundi?

pwani_sauti: Assalaam aleikum wakuu. Maulidi ya mfungo sita yaja, na nimewaahidi vijana wa madrasa hapa Langoni, Lamu, nitawarekodia matari yao. Laptopu yacheza sauti vizuri tu, ila kurekodi imegoma: sekunde zahesabika, faili yajaa, ukiifungua kimya kitupu. Nadhani kadi imekufa. Nina elfu kumi na tano. Nichukue kadi ya USB kama Behringer UM2, rekoda kama Zoom H1n, ama nipeleke mashine kwa fundi Mombasa? Nataka kuagiza kabla ya Ijumaa.

fundi_mkomani: Wa aleikum salaam. Laptopu gani? Mfumo gani? Maikrofoni ya ndani au ya kuchomeka? Hujasema hata moja.

bi_nuru: Rekoda, kaka. Waweka betri, wabonyeza, imeisha. Kompyuta hapo msikitini Riyadha na ule msongamano, nani atakushikia? Kwa pesa hiyo tafuta iliyotumika.

linux_malindi: Tusikimbilie duka. Andika `arecord -l` uone kama kadi inatambulika. Halafu `alsamixer`, bonyeza F4, nenda kwenye Capture upige spesi mpaka neno CAPTURE liwake jekundu. Mara nyingi limezimwa tu. Angalia pia kama kadi ya kwanza kwenye orodha ni ya HDMI, yaani ya tundu la skrini. Hiyo haina maikrofoni, na programu huing'ang'ania hivyo hivyo.

pwani_sauti: Amri zote mbili inasema haizijui.

linux_malindi: Sakinisha alsa-utils, ndimo zilimo amri hizo.

fundi_mkomani: Ngoja kwanza. Andika `uname -sr` utuambie inajibu nini.

pwani_sauti: OpenBSD 7.5. Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea kabla hajarudi chuo, akasema haiingii virusi.

fundi_mkomani: 😂 Na sisi tumeshinda hapa tukimtibu Linux, kumbe ni mfumo mwingine kabisa.

samaki_bunju: Kadi yako ni nzima, sheikh. OpenBSD tangu toleo la 6.4, la mwaka 2018, imefunga kurekodi kwa makusudi. Programu ikiomba sauti hupewa sifuri tupu, ndiyo maana faili ina urefu lakini haina kitu. Fanya hivi:

`doas sysctl kern.audio.record=1`

Kisha tia mstari `kern.audio.record=1` ndani ya /etc/sysctl.conf, la sivyo ukiwasha upya yarudi pale pale. Jaribu kwa `aucat -o jaribio.wav`, sema maneno mawili, kata kwa Ctrl-C. Ikiwa sauti ni ndogo, andika `sndioctl` peke yake uone input.level, kiwango cha sauti inayoingia, iko wapi.

linux_malindi: Huo ni usalama gani wa kumnyima mtu sauti bila hata kumwambia? Si itoe kosa!

samaki_bunju: Ikitoa kosa, programu kibao zitaanguka, hata zile zinazotaka kucheza tu. Ukipewa kimya, kazi nyingine zinaendelea na hakuna anayekusikiliza chumbani kwako.

linux_malindi: Kwenye PipeWire, mfumo wa sauti wa Linux, naona programu gani imeshika maikrofoni na naizima.

samaki_bunju: Baada ya kuwa imeshakusikia.

shela_studio: Mkimaliza vita vyenu niwaambie ya kadi za USB. Mwaka juzi nilipewa arusi ya Shela. Duka moja, silitaji, likaniuzia maikrofoni ya kondensa pamoja na kadi, likaapa vinakwenda pamoja. Kumbe ile kadi haitoi volti 48 za kuilisha maikrofoni, na kondensa ile bila hizo haisemi neno. Nikaazima maikrofoni ya kawaida kwa jirani, sauti ikaja, na pamoja nayo mngurumo mmm mfululizo kutoka chaja. Kuchomoa chaja, mngurumo kimya. Betri nayo ikazima bibi arusi bado hajatolewa nje. Wenyewe mpaka leo wananidai video yenye sauti. Na tundu la kadi, kwa chumvi ya huku kwetu, lilishaota kutu ya kijani kabla ya mwaka.

bi_nuru: Ndiyo maana nikasema rekoda.

shela_studio: Rekoda nayo ina matundu, bibie. Chumvi haichagui.

pwani_sauti: Wallahi imekubali! Nimejisikia nikikohoa. Lakini vijana wamepiga tari mbele yake hapa barazani na sauti imepasuka yote, nai, ile filimbi yao, haisikiki kabisa. Nimeshusha input.level, sasa matari ni safi na nai ndiyo imepotea. Kwa hiyo bado ninunue?

fundi_mkomani: Maikrofoni ya ndani hiyo? Hatujajibiwa bado.

pwani_sauti: Ya ndani.

fundi_mkomani: Hiyo ni ya mazungumzo. Nunua UM2 na maikrofoni moja ya kawaida, uielekeze kwa mpiga nai, matari yatajileta yenyewe.

bi_nuru: Pesa haitoshi vyote viwili. Rekoda.

samaki_bunju: Kabla ya UM2, azima kadi ya mtu yeyote, ichomeke, angalia `dmesg`, kumbukumbu za mfumo, kama uaudio, kiendeshi cha kadi za USB, imeishika.

shela_studio: Ya kwangu ipo, njoo uichukue. Ukiweza kuichomoa kutu.

pwani_sauti: Shukran. Parseli za Mombasa siku hizi zafika Mokowe asubuhi ama jioni?

linux_malindi: Inategemea basi. Ila hiyo laptopu ningeiwekea Debian ya Linux.